Taa ya Kijani Kwenye Gari la Marehemu

Hakuna mtu mtaani kwetu anayemtambua mwongo haraka kama mimi. Namjua kwa namna anavyovua viatu mlangoni, kabla hajapata hata kiti cha kukalia. Ukimwacha marehemu mume wangu, ambaye alinidanganya kwa ufasaha maisha yetu yote ya ndoa huku nikimpelekea chai. Ukimwacha muuza mapazia aliyeniuzia hariri iliyoyeyuka ilipoguswa na pasi. Na ukimwacha daktari wa meno aliyesema haitauma. Ukiwaacha hao, na wengine ambao sina haja ya kuwataja mbele za watu, sijapata kudanganywa.

Kwa hiyo yule tunayemwita Rubani alipokuja mara ya kwanza kuchukua gari la marehemu, nilimtazama miguuni. Alivua viatu akavipanga sambamba, ncha zikielekea nje, kama mtu aliyezoea kuondoka kwa haraka. Tena alikuwa ananukia manukato, asubuhi na mapema. Nikajisemea: huyu.

"Shikamoo, bibi mrembo."

"Marahaba. Urembo niliuacha kwenye ile picha ukutani. Kaa."

Akacheka. Mjukuu wangu naye akacheka, bila kuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake.

Mjukuu wangu ni mhandisi wa elektroniki. Alihamia kwangu akasema ni kwa muda, na huo muda bado unaendelea. Ameiteka meza yangu ya kulia chakula. Palipokuwa na kitambaa cha maua sasa pana nyaya, mita, taa yenye kioo cha kukuzia, na chuma cha kulehemu kinachotoa moshi. Sisi tunakula kwenye kochi, sahani mapajani, kama watu waliohamia jana.

Anachotengeneza ni bodi. Ina ukubwa wa kiganja, rangi yake ya kijani, imejaa vidude vidogo kama ufuta juu ya mkate. Kazi yake ni kuiamuru injini: cheche sasa, mafuta kiasi hiki, subiri, haya tena. Mafundi wa gereji huiita kontrol boksi. Magari mapya yote yanayo, lakini imefungwa, haisomeki, na ikifa unaambiwa ununue nyingine usiulize maswali. Hii ya mjukuu wangu haina siri. Michoro yake yote, kila waya, kila kidude, ameiweka mtandaoni mtu yeyote aichukue, ainakili, airekebishe.

"Bure?" nilimuuliza.

"Bure, bibi."

"Na wao wanakupa nini?"

"Wananiambia nilipokosea."

"Hilo hata mimi nakufanyia kila siku, na hujawahi kunishukuru."

Sikuwaamini hao watu wa mtandaoni. Hawana sura. Mmoja anajiita Bundi, mwingine Sufuria. Mtu mwenye nia njema ana sababu gani ya kujiita Bundi? Lakini mjukuu wangu anawaheshimu kuliko wajomba zake. Bundi akimsifu, siku hiyo anaimba bafuni. Bundi akimkosoa, chakula hakipiti.

Rubani ndiye pekee kati yao aliyepata kuja na mwili wake. Anayo ndege ndogo ya viti viwili, aliyoiunda mwenyewe bandani kwake, bati kwa bati, na injini yake asili yake ni ya gari. Ndiyo maana bodi moja inafaa kote kuwili, kwenye gari na kwenye ndege. Alitaka kuwa mtu wa kwanza kuruka nayo. Na mjukuu wangu alitaka, kuliko nilivyopata kumwona akitaka kitu, Rubani aruke nayo kabla ya mtu mwingine yeyote, maana kulikuwa na kundi jingine huko mbali lenye bodi yake, nao walisemekana wako mbioni.

Sasa sikiliza. Gari likizima njiani, unalisukuma pembeni, unalitukana, unampigia simu fundi. Huko juu hakuna pembeni. Ndege ingebeba bodi mbili, moja ikinyamaza nyingine ishike kazi, lakini mjukuu wangu mwenyewe alinieleza kwamba hizo mbili ni mapacha wa mchoro mmoja. Kama ugonjwa uko kwenye mchoro, wataugua pamoja, na Rubani atakuwa amekaa juu ya mawingu na kelele ya upepo tu.

Ndiyo maana bodi ilibidi ijaribiwe kwanza kwenye gari. Na gari lililokuwepo ni la marehemu, la zamani, lenye kabureta na distributa ya kugawa cheche, lililokuwa limelala chini ya turubai tangu mwenyewe alipoenda zake. Niliruhusu kwa sharti moja tu, kwamba lirudi kila siku na heshima yake.

Walilifunga vizuri, siwezi kusema uongo. Mfumo wa zamani waliuacha mahali pake. Bodi wakaiweka ndani ya kiboksi cha bati chini ya dashibodi, na juu yake wakatoboa tundu la kitaa cha kijani. Bodi ikiwa kazini, taa inawaka. Bodi ikifa, taa inazima, relei, ile swichi yake ya umeme, inaachia, na gari linarudi kwenye distributa yake ya kizamani lenyewe. Mjukuu wangu alinionyesha injini ikiwa inanguruma: alichomoa bodi, gari likakohoa mara moja kama mzee aliyeamshwa, taa ikazima, likaendelea.

"Umeona, bibi? Haliwezi kumwacha mtu njiani."

"Na ndege nayo itakohoa hivyo?"

"Ndege haitakuwa na mfumo wa zamani. Uzito."

Nilikuwa na la kusema, ila nilikuwa na kijiko mdomoni.

Kabla ya kufika kwenye gari, bodi ilipitia jikoni kwangu. Siku moja nilifungua oveni nitazame mkate wangu nikakuta bodi imelala kwenye trei ya juu, nyaya zinachungulia mlangoni kama mikia ya panya.

"Usifunge kwa nguvu, bibi! Napima joto!"

"Na mkate?"

"Upo chini yake, hauna shida."

Mkate ule ulikuwa na ladha ya redio. Lakini bodi ilifaulu, ilivumilia joto lote. Hata hivyo mwenyewe alisema oveni peke yake haitoshi. Oveni inachoma lakini haitikisi. Injini inachoma na kutikisa kwa pamoja, na hapo ndipo vile vidoa vya risasi ya kulehemu vinavyoshikilia vidude hupata ufa usioonekana. Kwa hiyo gari lilitakiwa lipandishwe kilima cha minara ya simu, njia ya changarawe, jua la mchana, tena na tena.

Na walikuwa na utaratibu wao. Anayeendesha haoni namba. Anayesoma namba hapandi gari. Rubani anaenda kilimani peke yake, bodi inatuma namba kwa laini ya simu mpaka kwenye kompyuta mezani, na mjukuu wangu anazitazama. Namba zikikatika, msomaji anampigia dereva simu asimame palepale, aseme yuko wapi na kumetokea nini. Gari likirudi, msomaji husema kwanza alichokiona, ndipo dereva aseme alichokisikia. Hivyo hakuna anayemfuata mwenzake. Utaratibu huu niliupenda. Ndivyo nilivyokuwa nikiwahoji wanangu sukari ikipungua, mmoja mmoja, mlango umefungwa.

Basi Rubani akawa anakwenda na kurudi, nami nikawa namchunguza.

Kwanza, gari lilirudi linang'aa. Mtu unatoka kwenye changarawe, vumbi hadi kwenye nyusi, gari linang'aaje? Pili, aliporudi alisimama nje ya geti akiongea na simu kwa sauti ya chini, mgongo umegeukia nyumba. Tatu, siku moja niliweka kiganja juu ya boneti nikaikuta baridi kama shavu la chura. Na hayo manukato, mtu anamwendea nani kilimani na manukato? Minara?

"Mke mwenzangu," nikamwambia mjukuu wangu, "yule bwana wako ana mambo."

"Si bwana wangu, bibi. Ana mke na watoto."

"Hao ndio wenye mambo zaidi. Una uhakika anakipanda kile kilima?"

"Namba zinaonyesha."

"Namba zinaonyesha injini inapiga kelele. Mtu anaweza kuegesha kwenye kivuli, akakanyaga mafuta huku anakunywa soda na mtu wake."

Alikuwa anapuliza moshi wa risasi usimwingie machoni. "Bibi," akasema, "wewe fuma tu."

Basi nikafuma. Lakini mkono ukifuma, kichwa hakikatazwi kufanya kazi yake.

Nilimfikiria hivi. Mtu huyu anatudanganya kwamba bodi imepanda kilima wakati imekaa kivulini. Mjukuu wangu atawaambia Bundi na Sufuria na dunia nzima kwamba bodi imefaulu. Watu wengine wataifunga kwenye ndege zao, maana michoro iko wazi. Na siku moja mmoja wao atatua pasipo na uwanja, na jina litakaloshikwa ni la mtoto wangu. Hapana. Siku ya jaribio la mwisho nitamnasa.

Siku hiyo ikafika. Wote tulijua uzito wake: bodi ikifaulu mchana ule, Jumamosi Rubani anaruka. Mjukuu wangu aliamka na macho mekundu. Bundi alikuwa ameandika kwamba lile kundi jingine nalo linaruka Jumapili.

Rubani alipokuwa anakunywa maji jikoni, nikatoka na kisu cha siagi. Kiboksi cha bati kilifunguka kirahisi kuliko kopo la samaki. Nikaichomoa bodi taratibu kama nilivyoonyeshwa, nikarudisha mfuniko, nikaitia bodi kwenye kikapu changu cha nyuzi za sufu, chini ya sweta ambalo nalifuma kwa mtu ambaye bado hajazaliwa na huenda asizaliwe.

Mtego wangu ulikuwa mwepesi. Bila bodi, hakuna namba. Bila namba, mjukuu wangu atapiga simu. Akipiga simu, Rubani itambidi aseme yuko wapi, nami nitakuwa nimekaa pale pale nasikiliza nyuma ya sauti yake kuna nini. Upepo wa kilimani au muziki wa baa. Gari lenyewe halina hatari, lina distributa yake, litakohoa na kwenda.

"Haya, bibi, niombee," akasema Rubani akivaa viatu.

"Nakuombea tangu siku ya kwanza," nikamjibu, na hilo lilikuwa kweli, sikusema tu naomba nini.

Gari likaondoka. Likakohoa getini. Mjukuu wangu hakulisikia, alikuwa ameshaketi.

Nikaketi kwenye kochi nyuma yake, kikapu mapajani, sindano mkononi, masikio yamesimama. Nikasubiri simu.

Chuma cha kulehemu kilipashwa. Alikuwa anatengeneza bodi nyingine, pacha wa pili wa ndege. Kompyuta ilikuwa pembeni, imemwelekea nusu. Alilehemu kidude, akakitazama kwenye kioo, akalehemu kingine. Nikafuma mstari mzima. Nikafuma mwingine. Simu ililala mezani kifudifudi.

Labda namba huchelewa kuanza, nikajisemea. Labda mpaka afike barabara kuu. Nikamaliza shingo ya sweta. Sasa hata mtu wa kutembea kwa miguu angekuwa amefika barabara kuu.

"Mke mwenzangu, namba zinakuja?"

"Zinakuja vizuri, bibi," akasema, bila kugeuka.

Sindano ilinitoka mkononi. Nilitia mkono kwenye kikapu, chini ya sweta, nikaigusa. Ilikuwepo. Baridi, na vile vipele vyake vya ufuta. Nikaupapasa ukingo wote kama mtu anayehesabu meno ya mtoto.

Nikainuka nikajifanya natafuta miwani. Nikapita nyuma yake. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mstari mmoja mlalo, mrefu, usio na mlima wala bonde, kama ule wa mgonjwa aliyekwisha tutoka.

"Mbona umelala huo?"

Akakigeuza kioo kidogo. "Ndivyo unavyokaa mambo yakiwa shwari."

"Aa."

"Ungekuwa unaruka ruka ndiyo ungeogopa."

"Na minara iko pale pale kilimani, mtandao hausumbui?"

"Hausumbui hata kidogo, bibi. Fuma."

Nikarudi kwenye kochi. Sikufuma. Kwa muda mrefu nilikuwa nimemkodolea macho mtu aliyekuwa akiingia na kutoka mlangoni, na huyu aliyekaa mbele yangu kila siku sikuwa nimemtazama zaidi ya kisogo. Basi nikakitazama hicho kisogo. Kilikuwa cha mtoto niliyemsuka mwenyewe. Baadaye kidogo akaweka chuma chini, akavuta kompyuta, akafungua ukurasa mwingine uliojaa namba. Nina miwani nzuri ya mbali. Juu ya ukurasa kulikuwa na neno moja kubwa: OVENI. Akaanza kunakili. Hapa akaongeza kidogo, pale akapunguza kidogo, kama anayetia chumvi. Alikuwa anafanya upesi, bila kusita, kama kazi aliyokwisha kuizoea.

Nikakumbuka safari zote zile. Nikajiuliza kama kuna hata moja aliyoitazama.

"Umechoka, mwanangu," nikasema. "Kama leo hukuona vizuri, mwambie Rubani arudie kesho. Hatakula mtu."

"Nimeona vizuri, bibi."

"Jumamosi nyingine zipo. Hazijaisha."

"Bibi!" Akageuka sasa. Alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limekaa mdomoni peke yake. "Oveni ilishaonyesha inavumilia. Kilima ni sherehe tu. Unajua kundi lile linaruka Jumapili? Unajua nimekaa na kitu hiki muda gani?"

"Najua. Ni meza yangu."

Tukasikia gari.

Nilitoka nje mbio, kadiri mtu wa umri wangu anavyokimbia. Nilikuwa bado na tumaini moja la kijinga: kwamba Rubani naye ni mwongo, ili angalau tuwe na waongo wawili na lawama igawanyike. Gari lilikuwa linang'aa, maji yanadondoka kwenye bampa. Nikaweka kiganja kwenye boneti, nikakiondoa upesi. Moto.

"Umeoshea wapi?" nikamwuliza.

"Pale chini kwenye bomba la yule fundi matairi."

"Na kwa nini unaosha kila siku? Unaficha nini?"

Akanitazama kama mtoto aliyeonewa. "Bibi, si wewe uliyesema gari la marehemu lirudi na heshima yake? Mara ya kwanza lilikuja na vumbi ukanitazama mpaka nikakosa hamu ya kula. Siku hizi naosha, na foleni ikiwa ndefu nakaa pale mpaka injini inapoa. Mke wangu ananipigia simu niko wapi, namwambia nipo naosha gari la bibi mmoja, haamini. Na haya manukato ananinunulia yeye, kisha anauliza nanukia kwa ajili ya nani."

Magurudumu yake yalikuwa na changarawe ya kilimani imebana kwenye kashata za tairi, ile nyekundu ambayo huku chini haipo. Alikuwa amepanda. Alipanda kila siku.

Tukaingia ndani. Alivua viatu, akavipanga, ncha nje. Nikarudi kwenye kochi na kikapu changu. Mjukuu wangu alikuwa amekaa wima, kompyuta imemwelekea yeye tu.

"Msomaji kwanza," akasema Rubani, akakaa ukingoni mwa kiti kama mwanafunzi.

Mjukuu wangu akasoma. Alisoma vizuri mno. Joto la bodi getini, joto nusu ya mlima, joto kileleni. Cheche hazikupotea. Mafuta hayakuyumba. "Haikukatika hata mara moja," akasema. "Kutoka getini mpaka kileleni na kurudi. Safi."

Rubani alikuwa anakuna kidevu.

"Dereva," akasema mjukuu wangu.

"Dereva ana neno dogo." Akasita. "Taa ya kijani haikuwaka. Tangu getini. Halafu gari lilikuwa zito kidogo mlimani, kama zamani."

Nilimtazama mjukuu wangu. Mlango ulikuwa mbele yake, wazi kabisa. Alichotakiwa ni kupita tu. Sema, mwanangu, nikamwambia kwa macho. Sema hata hujui.

"Taa imeungua," akasema.

"Nami ndivyo nilivyofikiri," Rubani akapumua. "Nilitaka kurudi, nikasema hapana, Mhandisi yuko kwenye kompyuta. Namba zingekuwa hazifiki angenipigia. Nikaiweka simu hapa, juu ya dashibodi, naitazama njia nzima. Haikulia. Kila kona nasema, haijalia, basi iko hai."

"Ndiyo. Iko hai. Ni kitaa tu. Nitakibadilisha."

"Na uzito?"

"Joto. Hewa ya mchana ni nyepesi."

"Basi Jumamosi!" Akapiga goti lake kofi. "Leo hii natoa ule mfumo wa zamani kwenye ndege. Mke wangu nimemwambia awalete watoto uwanjani. Mdogo ameshonewa bendera."

Mjukuu wangu alicheka naye. Alikuwa tayari ana mkono kwenye kompyuta, anafungua ukurasa wa kina Bundi awape habari.

Nilimlea huyu mtoto. Nimemtetea mbele ya walimu, mbele ya mama yake, mara moja mbele ya polisi kwa ajili ya dirisha ambalo kweli alilivunja. Mkono wangu ulikuwa ndani ya kikapu, na kwa muda kidogo haukutaka kutoka. Ningeweza kuirudisha bodi garini wakiwa wanakunywa chai. Nani angejua?

"Mke mwenzangu," nikasema. "Hebu nisomee tena lile joto la kileleni. Masikio yangu haya."

"Bibi, sasa hivi?"

"Nisomee tu."

Akanisomea. Namba ile ile, na nukta yake.

"Bodi ilikuwa na joto hilo?"

"Hilo hilo, bibi."

Nikaliinua sweta. Nikaitoa bodi, imenasa uzi wa bluu pembeni, nikaiweka mezani kati yao wawili, juu ya mahali palipokuwa na kitambaa changu cha maua.

"Imekaa hapa mapajani mwangu tangu mlipoagana," nikasema. "Niliichomoa mimi. Nilidhani namnasa mwingine."

Rubani aliitazama bodi, kisha akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Mjukuu wangu alifungua mdomo.

"Hiyo," akasema, "hiyo ni ile ya akiba."

Ya akiba ilikuwa mbele yake chini ya kioo cha kukuzia, nusu yake haijalehemiwa bado.

Rubani hakubishana. Alitoka bila viatu. Tulimsikia akifungua mlango wa gari, tukasikia bati likigongana na bati. Akarudi na kile kiboksi, akakiweka mezani kando ya bodi, akakifungua mfuniko, akakiinamisha ili sote tuone ndani. Kilikuwa kitupu.

"Nisomee tena, Mhandisi," akasema kwa upole. "Anzia getini."